Gauni la Nahodha wa Anga

Nilikuwa kwenye basi narudi bwenini, na kwa kuwa walimu hutuusia kusikiliza kwa makini, nikasikiliza yasiyonihusu. Kiti cha mbele yangu, fundi cherehani mwenye futi shingoni alikuwa akimlalamikia muuguzi aliyekutana naye humo humo. Alikuwa amepakata gauni la rangi ya fedha.

“Mume wangu kaniletea kitambaa. Anataka gauni kama la yule nahodha wa chombo cha anga, wa kwenye tamthilia. Nikamuuliza, vipimo vya nani? Dada, akakohoa.”

Niliinamisha kichwa kumwombea mwenye kikohozi.

“Lakini yule si mtu wa kweli,” muuguzi akasema. “Tena anaishi sayari nyingine.”

“Mwambie mama mkwe. Tangu nahodha amwache mpenzi wake akaolewa na chaguo la wazazi, kila jioni ni wimbo mmoja: huyo ndiye mkwe. Mimi niko hapo hapo, namimina chai.”

“Sasa umelishona kwa vipimo vya nani?”

“Vya nahodha. Nimempima kwa macho, kiuno cha nyigu.”

Muuguzi akaligeuza gauni. “Mbona ndani ya mishono umeacha kitambaa kingi hivi?”

Fundi akagusa mshono. “Mume wangu akisema ni langu, nafumua kidogo tu, linanienea. Asiposema, aivishe televisheni.”

Basi likasimama. Akalikunja gauni kwa upole ambao sikuutarajia, akashuka.