Nyuma ya Mstari Mwekundu

Wewe uliyekuja kumzika fundi huyu, umewahi kuogopa mlio wa gari linalowashwa? Nyumbani kwa marehemu waliuogopa kwa miaka minane.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, mtoto wa tatu wa fundi reli na mshona nguo. Majirani walimwita Cheche kwa sababu hakutulia mahali, na jina hilo lilimganda hadi uzeeni.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha chuo cha ufundi, akahitimu umeme wa magari mwaka 1977. Huko chuoni alishika waya wa plagi injini ikinguruma. Ulimrusha hadi kwenye rundo la matairi, wenzake wakacheka mpaka wakatoa machozi. Yeye hakucheka. Alitaka kujua betri ya volti kumi na mbili, ambayo mtu huishika kwa mikono mitupu, ilipata wapi teke la punda.

Jibu lilimpa kazi ya maisha. Mwaka 1983 alifungua karakana yake, na kila mteja alionyeshwa koili kuukuu ya kuwashia injini, iliyopasuliwa katikati.

"Ona. Waya mnene, mizunguko michache. Waya mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Yote imezungushwa kwenye chuma kimoja. Umeme wa betri ukipita kwenye ule mnene, chuma kinakuwa sumaku. Sasa ukate ghafla! Sumaku inaporomoka, na ule mwembamba unatema volti elfu ishirini. Watu wanadhani cheche inaletwa na kuwasha. Inaletwa na kukata."

Kisha alikuwa akiongeza: "Fundi akikwambia haogopi koili, mnyang'anye ufunguo wa gari lako."

Mwaka 1985 alimuoa mwalimu wa chekechea aliyeleta pikipiki yake karakanani. "Dada, koili imekufa," alimwambia. "Basi ifufue, kaka, maneno ninayo ya kutosha shuleni," akajibiwa. Walijaliwa watoto watatu, wakajenga nyumba ambayo dirisha la jiko linatazama karakana.

Mwaka 2012 alianguka akiwa ameshika bisibisi. Moyo wake ulikuwa unasahau kudunda. Hospitalini walimshonea kifuani kifaa kidogo chenye betri, cha kuukumbusha moyo kwa umeme hafifu mno. Daktari akamwonya: "Mzee, injini ikiwaka, usiinamie boneti. Koili na nyaya za plagi zinaweza kukivuruga kifaa hiki. Kaa mbali kidogo."

"Yaani nikae mbali na kazi yangu?"

"Kaa mbali na kaburi."

Siku hiyohiyo mkewe alichora mstari mwekundu kwenye sakafu ya karakana. Tangu hapo, aliyetaka kuwasha gari alipaza sauti, "Nawasha!" Mama naye aliita kutoka dirishani, "Baba watoto, nyuma ya mstari!" Hakuna aliyegusa ufunguo mpaka mzee ajibu, "Nipo, mama watoto!"

Kuna siku hakujibu. Mama alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni, akamkuta amesimama salama nyuma ya mstari, mashavu yamevimba.

"Nilikuwa natafuna mkate."

"Siku nyingine uteme, ujibu!"

Wote walicheka, lakini mama hakuondoka dirishani hadi jioni.

Betri ya kifaa ilipoanza kuisha, aliambiwa asubiri zamu ya kuwekewa nyingine. Akasubiri. Akaambiwa asubiri tena. Mwanawe kitinda mimba, anayewasomea haya, alikwenda kufoka ofisini. Mzee alimtuliza: "Utaunguza koili bure, mwanangu." Lakini hapa hatutatulia. Mtu aliyewasha magari ya wagonjwa, walimu na wakubwa hakupaswa kufa akisubiri betri inayoenea kiganjani. Wako wengine kwenye foleni hiyo leo, nao wana hofu.

Tarehe 18 Februari 2020, alasiri, moyo wake ulisimama. Alikuwa ameketi kitini, nyuma ya mstari. Hakuna injini iliyokuwa ikiwaka.

Ameacha mke, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu wanne na dada mmoja.

Asubuhi iliyofuata, kitinda mimba alikuwa uani wakati dereva wa gari la kwenda mochwari alipopanda na kuzungusha ufunguo bila kusema neno. Injini ilinguruma. Dirisha la jiko likafunguka kwa kishindo.

"Baba watoto, nyuma ya mstari!"

Dereva alizima haraka. Watu wote uani waliinamisha vichwa. Mama alibaki ameshikilia fremu ya dirisha, akisikiliza, kama vile huenda mzee alikuwa anatafuna mkate.

Kisha akamwambia dereva polepole, "Washa, mwanangu. Washa tu. Amepumzika kwa amani."