Aliyejua Miaka ya Magari Yote

Marehemu hakuvumilia habari zisizo sahihi, hata msibani. Kwa heshima yake, na kwa ruhusa ya mjane, wasifu huu unasomwa bila kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, kifungua mimba wa dereva wa lori na mshonaji, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli. Mama yake alizoea kusimulia kwamba alizaliwa alfajiri, mvua ikinyesha. "Si kweli, mama," marehemu alimkatiza, "ilikuwa mchana, na jua lilikuwa kali." Hakuna aliyethubutu kumuuliza alijuaje.

Alisoma shule ya msingi mtaani, kisha akahitimu ufundi wa uchapaji mwaka 1967. Walimu walimpenda kwa bidii yake. Wenzake hawakumpenda, maana alikuwa mchongezi.

Alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji hadi alipostaafu mwaka 2003, na huko ndiko alikoanza kukusanya brosha kuukuu za kuuzia magari. Watu walimletea zao kutoka mbali wajue ni za mwaka gani. Gari lenyewe hakulitazama kwanza. Aligeuza ukurasa wa mwisho, akasoma tarakimu ndogo za mchapaji pembeni, ndipo akakagua taa za nyuma, vifuniko vya magurudumu na orodha ya rangi. "Gari la sabini na mbili lilitangazwa kwa brosha iliyochapwa sabini na moja," alikuwa akisema. "Wajinga ndio hawajui." Mama yake alitunza brosha moja kabatini, chini ya mashuka, yenye picha ya gari alilopanda siku ya harusi yake. Marehemu alimwambia mbele ya wajukuu kwamba taa zile zilitoka miaka minne baada ya harusi hiyo. Bibi wa watu aliirudisha kabatini, na harusi yake hakuisimulia tena.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na karani wa posta, wakajaliwa watoto watatu. Mkewe hakuwahi kumaliza hadithi hata moja. Akisema mtoto aliugua surua, aliambiwa ni tetekuwanga. Mara nyingine mke ndiye aliyekuwa sahihi, lakini hilo halikutamkwa. Alichotamani ni kidogo tu: siku moja mumewe amwambie, "Hapo umesema kweli, mke wangu."

Novemba 2021 marehemu alipatwa na kiharusi kilichomnyang'anya ulimi na upande mzima wa kulia. Akili ilibaki timamu. Daktari alilithibitisha hilo, na mkewe alifurahi sana kulisikia. Kila siku, akishamlisha, alivuta kiti, akafungua brosha, akaziba zile tarakimu kwa kidole gumba na kutangaza mwaka wa uongo.

"Hii ya themanini na tatu, baba watoto. Au nakosea?"

Marehemu alikoroma, akapiga godoro kwa mkono wa kushoto, machozi yakamtiririka. Mkewe aliyafuta taratibu, akachukua brosha nyingine. Majirani walimsifu kwa mapenzi. Binti yao alipomsihi aache, alijibu, "Mimi nimesahihishwa miaka arobaini na tano. Yeye hata mmoja hajamaliza."

Asubuhi ya tarehe 3 Oktoba 2022 pumzi zilianza kukatika, na huruma ikamwingia mama wa watu. Alichagua brosha ambayo marehemu aliipenda kuliko zote, akaondoa kidole gumba, akasoma mwaka kama ulivyochapwa.

"Sabini na moja. Leo sikudanganyi. Itikia tu kwa kichwa, baba watoto, tuagane vizuri."

Marehemu aliziangalia zile tarakimu. Akamwangalia mkewe. Akatikisa kichwa kukataa, akakata roho.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Mtakaofika kaburini mtaona jiwe limechongwa kwamba alifariki mwaka 2021. Fundi aliomba radhi, akataka kulichonga upya. Mjane alimwambia, "Liache hivyo hivyo."

Apumzike kwa amani, akiweza.