Fundo Lililobaki: Maisha ya Marehemu Kefa Okwemba, 1920–1963

Mchungaji, wazee wa ushirika, jamaa mliosafiri kwa gari la moshi kutoka Bunyore, na nyinyi majirani wa Changamwe mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi matangani, poleni kwa msiba huu ulio wetu sote. Tunaomba masikio yenu, kwa kuwa marehemu aliagiza habari zake zisomwe zote, lisiachwe neno, na jana jamaa walibishana sana juu ya agizo hilo kabla ya kukubaliana kulitimiza.

Marehemu Kefa Okwemba alizaliwa Bunyore, Nyanza, mwaka wa 1920, msimu wa kuvuna wimbi, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Okwemba na Mama Rode. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akabatizwa tarehe 6 Juni 1937, na tarehe 16 Disemba 1944 akafunga ndoa na Agneta, mjane wetu aliye hapa, wakajaliwa watoto watatu, Naftali, Rebeka na Ezra.

Januari 1949 alishuka pwani kutafuta kazi, akifuatana na rafiki yake wa tangu utoto, Elkana Andati. Walipanga chumba kimoja hapa Changamwe, wakajifunika blanketi moja, wakaandikwa siku moja kubeba magunia katika ghala lililo karibu na reli, na mwaka wa 1955 marehemu akapandishwa kuwa nyapara wa zamu, Elkana akiwa miongoni mwa watu wake.

Katika miaka hiyo aliingia ushirika wa ndugu waliookoka, ambao kila Jumapili baada ya ibada husimama mmoja mmoja na kuziweka nuruni dhambi za juma zima. Marehemu alikuwa mkali mno juu ya nafsi yake. Alitembea na kitambaa cheupe mfukoni, na kila alipojikuta na wazo baya, iwe hasira, iwe wivu, iwe kujisifu kwa siri, alikifunga fundo papo hapo, hata kama alikuwa na gunia begani, kisha Jumapili akasimama mbele ya ndugu na kuyafungua mafundo hayo moja moja, akitaja kila moja ni la nini. Wengi wenu mlijifunza kwake namna ya kuulinda moyo, na vijana walimcheka kwa upendo, wakimwita Baba Mafundo.

Jumanne tarehe 12 Agosti 1958 rundo la magunia lilianguka ghalani, likamvunja mguu mpagazi mmoja. Elkana ndiye aliyekuwa juu akipanga, na marehemu alipokimbia kumshusha, alisikia nguo zake zinanuka tembo la mnazi. Hakumwuliza neno. Alitoa kitambaa, akafunga fundo la hasira, na Jumapili tarehe 17, mbele ya ndugu zaidi ya sitini, akalifungua akisema kwamba anatubu kwa kumchukia ndugu Elkana moyoni tangu alipomwona amelewa kazini. Kwake yeye hayo yalikuwa maungamo ya dhambi yake mwenyewe, na watu waliimba, wakamkumbatia.

Lakini karani wa ghala alikuwa ameketi benchi la tatu, akayapeleka maneno hayo kwa wakubwa. Kufika Jumatano Elkana alikuwa hana kazi wala chumba, akazuiliwa kukaribia meza ya Bwana, mkewe akarudi bara na watoto, naye akahamia Mtopanga, ng'ambo ya kisiwa, akisukuma mkokoteni.

Februari 1959 Mama Jumwa, ambaye huuza vitumbua langoni pa ghala, alimwuliza marehemu habari za Elkana, kwani tangu aondoke amekosa wa kumbebea chungu cha unga uliokorogwa, kazi aliyokuwa akimsaidia kila alfajiri kabla ya zamu. Marehemu alipojibu kwamba mlevi amevuna alichopanda, mama huyu alimtazama kwanza, kisha akacheka cheko kavu, akamwambia, "Baba Naftali, mimi unga wangu nauumua kwa tembo, na chungu kikimmwaikia mtu hunuka kutwa. Hiyo harufu wewe waila kila asubuhi, na jana umeongeza viwili." Mtu wa pwani angalijua bila kuambiwa, ila marehemu alikuwa mtu wa bara, na hakuuliza. Baadaye ilibainika pia kwamba gunia la chini lilikuwa limelowa mvua na kuoza.

Jumapili tarehe 15 Februari alisimama na kitambaa chake, akasema kwamba alimdhania vibaya ndugu mmoja, asimtaje jina. Watu wakaimba kama kawaida. Akaketi akiwa mwepesi, na wiki ile ile akavuka hadi Mtopanga kumwomba Elkana radhi. Elkana aliegesha mkokoteni, akamsikiliza hadi mwisho, akamjibu, "Kefa, uliponichafua ulitaja jina langu mbele ya watu sitini. Leo unanisafisha tukiwa wawili, na kanisani unaniita ndugu mmoja. Nenda."

Tangu siku hiyo kulikuwa na fundo moja lisilofunguka. Alikusudia kulisema Jumapili iliyofuata, kisha ile nyingine, ila mwaka wa 1960 mlimchagua mzee wa kanisa na mwalimu wa vijana, akaogopa kwamba akikiri, ushirika utatiliwa shaka, na alipojichunguza zaidi akaona hofu hiyo nayo ilikuwa ya kuilinda sifa yake. Aliendelea kuungama hasira ndogo na vijiwivu, huku lile moja akilipapasa mfukoni wakati wa mahubiri. Mama Agneta anasema alikula kidogo, akasali sana, na hakuinuka kwenye sala akiwa na uso wa mtu aliyesikiwa.

Maradhi ya moyo yalimshika Julai 1963, akalazwa mara mbili, na tarehe 9 Novemba, pumzi zikiwa fupi, akatuita sisi jamaa zake, akaagiza, "Nililisema mbele ya watu, lifutwe mbele ya watu. Msitumie mafumbo. Tajeni jina." Alifariki Jumatano tarehe 20 Novemba 1963, saa tisa alasiri, wiki tatu kabla ya uhuru alioungoja kwa hamu.

Kwa hiyo tunasema, mbele ya jeneza lake na mbele yenu: Elkana Andati hakulewa siku ile, wala hakulewa siku yoyote marehemu aliyomjua, aliyekosa ni Kefa Okwemba, aliyeuchunguza moyo wake kila saa na asimwulize rafiki yake swali moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa ghala, jirani yetu Mzee Khatibu na jamaa zake waliotutandikia mikeka na kutupikia siku zote tatu, na Mama Jumwa, aliyekwenda mwenyewe Mtopanga kupeleka habari.

Ndugu Elkana amekuja, yuko pale penye ua. Hakutuahidi neno, nasi hatukumwomba. Kitambaa hiki kilikutwa chini ya mto wa marehemu, na Mama Agneta amekataa kukifungua wala kukizika. Anakikabidhi kwako, Elkana, na fundo lake, ulifungue au uliache, uamuzi ni wako.

Baba Naftali, tumelisema kwa jina. Lala sasa, na amani uliyoikosa kwa miaka minne na ushei, Mungu akupumzishe ndani yake.