Mama Emérita na Maji ya Mgongo

Tarehe 31 Julai Mama Emérita Kahambu atavua blauzi yake nyeupe ya kazi, baada ya miaka ishirini na tisa katika maabara ya hospitali yetu hapa Masisi. Alikuwa na haki ya miaka mitatu zaidi. Ameikataa, na sababu tutaieleza kwa idhini yake.

Alizaliwa Butembo katika familia ya wenye maduka, akaja huku kwa muda mfupi tu, kama alivyodai, kisha akaolewa Muheto. Miaka ya mwanzo alipima malaria na minyoo. Kwa miaka saba sasa ameshughulikia utafiti wa Parkinson, ugonjwa unaotetemesha mikono na kukaza mwili polepole. Daktari Augustine huchoma sindano mgongoni na kutoa maji kidogo. Mama huyatunza kwenye barafu mpaka yafike mjini, yapimwe protini inayoitwa alfa-sinukleini. Kwa wagonjwa wengi protini hiyo hupungua humo. Peke yake haitoshi kusema mtu anaumwa, lakini ndiyo tunayoifuatilia.

Ukali wake, wacha tu! Tone moja la damu likiingia, chupa inatupwa, maana damu imejaa protini hiyohiyo. Mimi Lévi ninayeandika, katika mwezi wangu wa kwanza, nilimimina maji ya mgonjwa wetu Papa Rukundo wa Rubaya kwenye chupa za kioo, ambako protini hugandia kiooni na kipimo kuharibika. Mama hakupiga kelele. Alinipandisha pikipiki hadi Rubaya nikamweleze mzee mwenyewe. Papa Rukundo alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama angalau nimemletea sabuni ya pole.

Kwenye vizuizi vya njia ya Walikale, sanduku lake la barafu lilishukiwa kuwa na madini. Alilifungua mwenyewe na kutangaza: "Iko maji ya mugongo ya muntu." Aliruhusiwa kupita upesi sana.

Shida ilikuwa kupata watu wenye afya wa kulinganisha na wagonjwa. Wengi walikuwa wameona watoto wenye homa ya uti wa mgongo wakiletwa wamechelewa, wakichomwa sindano hiyo, wakafa. Kwao sindano ndiyo iliyoua. Basi Mama akalala mwenyewe kitandani, pazia wazi, mbele ya wanawake wa Muheto. Kichwa kilimuuma siku mbili, na hakuficha. Baada yake walijitokeza watu ishirini na watatu.

Mwaka jana majibu yalirudi, namba tupu bila majina. Kati ya wenye afya, namba moja ilikuwa chini mno. Daktari akaona chupa imeharibika, akataka kuifuta. Mama akaleta daftari la majina, ambalo yeye peke yake hulifungia, akaweka mkono wa kuume mezani tuuone ukitetemeka. "Chupa iko muzuri," alisema. "Mimi njo siko muzuri." Daktari alimpima mwendo na viungo, akathibitisha kuwa ni Parkinson.

Alichoogopa ni kimoja: watu wangesema sindano ndiyo iliyomletea ugonjwa, na hakuna ambaye angekubali tena. Juni hii tuliwahitaji walewale ishirini na watatu kwa mara ya pili. Wiki tatu alipita nyumba kwa nyumba akionyesha mkono, akieleza kwamba ugonjwa huu huanza miaka mingi kabla ya kutetemeka, na kwamba kahawa iliacha kumnukia, dalili mojawapo ya mapema, hata kabla hajachomwa. Wengine walimfungia mlango. Mama Céline, mkulima jirani yake, alimwambia usoni: "Dada, ile sindano njo ilikumaliza." Mama Emérita akakaa, akamsaidia kuchambua maharage, akaeleza upya.

Siku yenyewe walikuja kumi na tisa. Wa kwanza mlangoni alikuwa Mama Céline, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mama Emérita aliingia nyuma ya maabara akalia, nasi tukalia.

Mama, asante kwa kazi yote, hata kwa safari ile ya Rubaya. Tunakuombea miaka mizuri Muheto, na bwana wako na mashamba yenu. Tarehe 12 Septemba una miadi ya matibabu kwa Daktari Augustine. Utakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine, nasi tutakuita kwa jina lako.