Nono wa Palermo

Kijiwe chetu kipo Gongoni, hapa Tabora, kwenye baraza la duka ambalo mwenyewe alilifunga akahamia Kahama, akatuachia benchi moja na kivuli cha bati. Tunakutana baada ya alasiri, Musab akishatua birika lake la kahawa na ndoo ya kusuuzia vikombe. Kila mtu ana jina lake la kijiweni. Wilbroad anaitwa Stesheni kwa sababu alifanya kazi reli, na mpaka leo anajua kila kitu, hata asichokijua. Revocatus, au Rivo, anaitwa Pembe, maana babu wa babu yake alibeba pembe za ndovu begani kutoka Ujiji mpaka pwani, na jambo hilo hulitaja kila akiombwa kusogea kwenye benchi. Mzee Muhanna, ambaye ukoo wake ulitoka Omani ukafika hapa na misafara, tumempa jina jipya juzijuzi tu: Nguzo. Alipanda ndege kwenda Palermo, Italia, kumrudisha nyumbani binti yake Sheima na mjukuu ambaye hakuwahi kumtia machoni. Bi Khole, mkewe, alishapaka chumba chokaa na kununua godoro la mtoto. Muhanna akarudi peke yake, na tangu arudi habari yake ni moja, nguzo iliyopo mlangoni pa kanisa. Sisi tulijua kwa nini anazungumza nguzo. Hakuna aliyetamka, lakini tulikubaliana kwamba habari za Sheima hatumuulizi, na Stesheni akitaka kuropoka mimi namkanyaga mguu.

Siku hiyo upepo ulikuwa wa vumbi na hakuna aliyekuwa na furaha ya kutosha kugawa. Nguzo akaanza bila kuulizwa.

— Imechongwa aya, Kiarabu safi, herufi zinasomeka. Inasema habari za usiku kuufunika mchana. Nilisimama pale nikaisoma, nikalia.

— Aya ya Kurani, mlangoni pa kanisa, akasema Pembe, ambaye hakosi misa ya kwanza. Na padri anajua?

— Mji mzima unajua. Kwanza palikuwa kanisa, wakaja Waislamu wakafanya msikiti, wakaja wengine wakafanya kanisa tena.

— Ishia hapohapo. Kwa hiyo nyinyi ndio mlioanza kutunyang'anya.

— Imepita miaka elfu, Rivo!

— Haki ya mtu haiozi.

Stesheni akaweka kikombe chini.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Msikiti ulikuwa na miguu mingi, ukavunjika. Nguzo ina mguu mmoja, imebaki.

Hatukuelewa, lakini Stesheni hatoi methali ili zieleweke. Nguzo akaendelea kama hakusikia.

— Na si nguzo tu. Sukari wanaiita zukero. Wana zabibu zao tamu, wanaziita zibibo. Zibibo! Nikamwambia muuza matunda, bwana, hizi ni zabibu. Ananijibu, zibibo. Mimi zabibu, yeye zibibo, watu wakatuzunguka. Mwisho akanipa kishada bure niondoke.

— Kumbe Kitaliano ni Kiswahili kilichopigwa na baridi, akasema Stesheni.

— Ni Kiarabu hicho, nikamwambia.

— Kiswahili. Mtu wa pwani alifika kule, mdomo ukamganda, akitaka zabibu inatoka zibibo. Hata piza ni chapati tu, mpishi alisahau kuigeuza.

— Na kwa nini awe mtu wa pwani? Pembe akauliza. Muhanna, hiyo nguzo ina uzito gani?

— Ya jiwe ile. Hata watu ishirini hawaiwezi.

— Basi imekwisha hiyo. Mzigo kama huo duniani anaubeba nani? Mnyamwezi. Nguzo imefika Palermo juu ya bega la Mnyamwezi, nyie bakini na zabibu zenu.

Tukacheka wote, hata Musab. Pembe mwenyewe hakucheka. Alikuwa ameanza mzaha, ukamgeukia mdomoni.

— Mnacheka. Babu wa babu yako, Muhanna, alikaa mji huuhuu na pembe zake. Babu wa babu yangu akazibeba. Njia nzima, Ujiji, Tabora, mpaka Bagamoyo, nionyeshe nguzo moja yenye jina lake. Wewe umepanda ndege kwenda kulia kwenye nguzo. Mimi nikalie wapi?

— Mwacha mila ni mtumwa, Stesheni akamliwaza.

— Babu yangu hakuacha mila hata moja, na mzigo alibeba.

Wazee hawa wawili wamekaa benchi moja tangu nywele zao nyeusi, na neno hilo lilikuwa halijawahi kusemwa wazi. Nilidhani Nguzo atanyanyuka aende zake. Akabaki, anakizungusha kikombe mkononi.

— Hilo sina jibu lake, Rivo. Nikikujibu nitakudanganya. Lakini usidhani nilifurahi kule. Nilikwenda nikijua nitafurahi, tuseme watu wetu walifika mbali. Nikaumia. Aliyechonga ile aya alikuwa na wajukuu, sivyo? Hawakwenda popote, damu yao bado imo mjini mlemle. Nilimwona msichana kaegemea ile nguzo, kisogo kipo juu ya neno la Mungu, anakula aiskrimu anamngoja mwenzake. Pua ya marehemu dada yangu kabisa. Hajui mgongoni kwake pameandikwa nini. Na hana kosa, yule mtoto wa watu. Kuna mmoja tu, zamani, hakumwambia mwanawe, basi.

— Sasa wewe unaogopa nini? akauliza Stesheni.

Nikamkanyaga, nikawa nimechelewa.

— Namwogopea mjukuu wangu, Salim.

Wakati huo akawa amefika mwanamke mmoja, kashuka na gunia la karanga kutoka Kigwa, anamsubiri kaka yake mwenye bajaji. Jina lake Kabula, alituambia baadaye. Akasema shikamooni wazee, tukaitika marahaba, Pembe akamsogezea nafasi mwisho wa benchi, na safari hii hakumtaja babu yake. Nguzo hakumtazama. Alikuwa ameshafunguka, na mtu wa namna ile akifunguka humzuii.

— Wao wanamwita Salvatore, jina la kwa baba yake, Mtaliano. Mimi namwita Salim. Ana miaka sita. Kiswahili hana, Kiarabu hana. Sheima anashinda akitunza wazee wa watu, anarudi hoi, anaongea na mwanawe lugha iliyo karibu na ulimi. Nikamwambia, mwanangu, turudi, hata mwaka mmoja, mtoto ajue kwao. Akaniambia, baba, kwao ni hapa.

Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumtazama usoni. Wiki zote zile tulikuwa tunamficha swali, kumbe jibu alikuwa nalo, linamkaba.

— Lakini! Nguzo akainuka kitako, uso ukamchangamka ghafla. Damu haipotei bure. Yule mtoto ana utani!

Hapo hata Pembe aligeuka. Kwetu, Mwarabu wa mjini au Mnyamwezi wa Ipole, babu na mjukuu ni watani tangu siku ya kutolewa nje. Bibi ni mke wao wote wawili na humgombania kwa maneno. Mjukuu asiyemtania babu yake, watu hunong'ona kwamba hapo kuna kitu hakijakaa sawa.

— Nashuka uwanja wa ndege, akasema Nguzo, nimekonda hivi mnavyoniona. Mtoto ananitazama juu mpaka chini. Ananinyooshea kidole. Anasema, Nono!

Benchi likaangua kicheko. Muhanna, Mungu amsamehe, ni mwembamba kiasi kwamba kanzu humtafuta ndani.

— Nono ni la kondoo wa Idi hilo! Pembe akapiga goti.

— Ndiyo nikamjibu, nono mwenyewe, wewe na kitambi chako cha tambi, na bibi yako simwachii mtu! Basi ikawa hivyo. Asubuhi, Nono! Mezani, Nono! Nimempeleka kwenye ile nguzo, kanishika mkono, Nono, Nono, ananivuta anataka aiskrimu. Ana neno moja tu la Kiswahili, na analitia mahali pake. Nikamuuliza Sheima, nani kamfundisha huyu kunitania? Sheima akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akaingia jikoni, hakutoka upesi.

— Damu nzito kuliko maji, nikasema, na siku hiyo ndiyo methali pekee iliyoonekana kukaa mahali pake.

— Khole nilipomsimulia alicheza chumbani peke yake. Anamwita mume wangu mdogo. Harusini kasimulia, msibani kasimulia. Godoro hataki liguswe. Anasema mtoto mwenye utani hupotea akarudi.

Pembe akatikisa kichwa taratibu.

— Hapo umenishinda, Muhanna. Jiwe si kitu. Kama mtoto kaujua utani, umebakisha mtu kule.

Stesheni alikuwa amenyamaza muda mrefu kupita afya yake.

— Mnaona karibu. Hiyo si damu ya Salim peke yake. Wale Waarabu wa zamani waliacha zabibu, wakaacha nguzo, na utani wakauacha. Nasema watoto wote wa mji ule lazima wawe watani wa babu zao.

— Stesheni! Nguzo akamshika bega. Leo umesema kweli tangu uzaliwe! Bustanini pale, jioni, mzee mmoja kakonda kunishinda, anajikongoja na fimbo. Kitoto kinamkimbilia, Nono! Mwingine kule kakaa na gazeti lake, Nono! Wazee wembamba mji mzima wanaitwa nono, na hakuna anayekasirika, wanacheka!

— Si niliwaambia? Stesheni akasimama kabisa. Hayo mambo hayamo vitabuni. Mzungu kahifadhi jiwe, kumbe utani umejihifadhi wenyewe. Mvumilivu hula mbivu, na zabibu ni mbivu!

Tukagonganisha vikombe. Mimi nasema kweli, nilifurahi. Nilimwona Muhanna kama nilivyomjua kabla ya safari, na nikawaza kwamba labda Bi Khole ana haki ya kulitunza lile godoro.

Kabula alikuwa anatusikiliza, mkono juu ya gunia lake. Akatabasamu kwa adabu.

— Samahani wazee wangu. Huko Italia, kwa lugha yao, babu wanamwitaje?

— Babu? Stesheni akakohoa. Babu wao wanamwita... ni kama babu tu, ila linavutwa. Babuno. Babuno, kitu kama hicho.

Pembe akanitazama. Mimi nikamtazama Musab, Musab akatazama ndoo ya vikombe. Hakuna aliyejua. Nguzo akainua mkono kama mtu anayetaka kutuondolea ujinga, kwa sababu ndiye aliyekaa kule, na lugha alizisikia kwa masikio yake. Akafungua mdomo, na mkono ukabaki palepale juu.

— Nimeuliza tu, akasema Kabula. Maana wangu mdogo kila mzee kwake ni babu. Awe mnene, awe mwembamba.

Bajaji ikapiga honi. Pembe akasimama bila kuombwa, akalitupia gunia begani, akampakilia. Kabula akatushukuru, akatuaga vizuri, wakaondoka. Hakujua alichokifanya, na nisingependa ajue.

Pembe aliporudi, Nguzo alikuwa ameshusha mkono. Alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi yaliyofifia.

— Wiki tatu nilikuwa namjibu, nono mwenyewe. Alikuwa ananitazama tu. Nilidhani anatafuta la kunirudishia.

— Muhanna, akasema Pembe.

— Na Sheima alijua.

Stesheni ana kinywa kibaya lakini moyo wake si mbaya, akajikaza.

— Lakini mzee wangu, tuseme ndivyo. Si mtoto alikuwa anakuita babu? Si haba. Hiyo ni heshima.

— Babu hata makonda wa mabasi wananiita, Stesheni.

Akasimama, akajikung'uta vumbi kwenye kanzu, akavaa makubazi yake. Pembe akataka kumsindikiza, akamzuia kwa kiganja. Alipiga hatua chache, akasimama bila kugeuka mwili, akageuza kichwa tu.

— Khole asijue. Mwacheni acheke.