Simu ya Phanice kwa Walter

Sogeeni karibu, wajukuu wangu. Anayetafuna muwa aache kwanza, haya mambo hayataki kelele. Pale Daraja Mbili nilipouzia ndizi, Bosire alikuwa na duka la waifai, na mbele yake benchi na birika la kahawa. Dirishani aliweka skrini ya kuchunga mtandao: mteja anayepata mtandao ni kijani, aliyekatika ni nyekundu, na simu zilizoshika waifai kwa kila mteja zinaonekana kwa majina. Siku hiyo simu ya mkewe, Phanice, ilionekana kwa Walter fundi wa nguo.

— Tangu asubuhi yuko huko, Bosire akasema. Na saa hizi ni mchana.

— Rinda gani linapimwa hivyo? akauliza Ratemo, tuliyemwita Satelaiti.

— Walter amenunua kochi, akasema Onyiego Bunge. Wateja wake hupimwa wamesimama, kochi la nini?

— Na ile sauti yake ya kwaya, bana, akasema Ratemo. Wanawake wanalainika.

— Mimi naona ashamhamisha, akajibu Bunge. Tutasikia tu wako Mombasa.

— Bosire, baba, nikamwambia, si umpigie umuulize?

— Nimuulize nini, magokoro, bibi yangu? Mashine haina sababu ya kunidanganya.

Akamwandikia Phanice: usikanyage kwangu, lala huko huko. Akatuma.

Hapo akaja Meena wa duka la rangi, amekunja uso.

— Bosire, mtandao wangu umekufa tangu asubuhi.

— Haiwezekani, mama. Angalia, uko kijani.

— Mimi natoka dukani sasa hivi. Hiyo unayosoma ni habari ya saa ngapi?

Satelaiti akatazama barabara. Bunge akachungulia kikombe chake. Bosire mwenyewe ndiye aliyeiambia mashine isiulize hali ya wateja kila mara, ishike jibu la asubuhi mpaka jioni, ndiyo skrini isikwame. Ujanja huo alikuwa ameturingia nao hapo hapo benchini.

Phanice alikuwa amepita kwa Walter asubuhi kuchukua sare za kwaya, akaenda zake kanisani. Ule ujumbe aliusoma katikati ya mazoezi, wenzake wakichungulia begani.

Hakurudi. Duka likafa, na Ratemo Satelaiti akachukua ngazi na waya zake. Wateja walihamia waifai ya kijana mmoja wa Kebirigo. Phanice alibaki na watoto na shamba la majani chai. Bosire alirithi kitanda cha watu wawili.