Fundi Sahani Anaacha Bisibisi Mezani

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika karakana yetu ya mota bapa, Fundi Sahani anastaafu. Uongozi umeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa nimekaa naye meza moja miaka kumi na tisa. Nashuku sababu nyingine ni kwamba makosa mengi aliyoyarekebisha yalikuwa yangu.

Aliingia kama mfagiaji, akahamishiwa kukata shaba, kisha meza ya kuunganisha, na hapo hakubanduka. Jina alipewa na kazi. Mota zetu hazina ule mzigo wa waya uliozungushwa kwenye chuma. Kinachozunguka ndani ni sahani nyembamba yenye njia za shaba pande zote mbili, na brashi za kaboni, zinazoleta umeme, hukanyaga shaba hiyo moja kwa moja. Sumaku hupangwa duara, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, zikiitazama sahani ubavuni. Sahani ikiyumba unene wa karatasi tu, inakwaruza. Kila moja aliinua dirishani, akaizungusha kwa kidole gumba huku amefumba jicho moja. Nilimwiga. Nikafumba jicho zuri.

Saa ya mkononi aliacha kuvaa baada ya sumaku kumuulia ya tatu, zawadi ya mama watoto wake. Ukimuuliza saa, hutazama kivuli cha rafu na hakosei zaidi ya dakika tano. Mimi nina simu na huchelewa.

Sasa la kwangu, maana Mungu ananiona. Mwaka wangu wa pili, mota kumi na mbili za pampu za hospitali zilikuwa zimeshapimwa, zinasubiri gari la saa nane mchana. Nikaona vumbi kidogo. Kwa bidii ambayo hakuna aliyeniomba, nilizifungua zote, nikapangusa, nikafunga. Zilipowashwa zilizunguka kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Sikujua kwamba sumaku zetu huwekwa bila nguvu, na nguvu hutiwa mota ikishafungwa. Ukiondoa mfuniko wa chuma, nguvu inavuja, na kufunga tena hakuirudishi.

Msimamizi alishaniambia nikusanye vitu vyangu. Fundi Sahani akamwambia meza ni yake, kwa hiyo kosa ni lake, hakunionya. Kisha akanigeukia akaniuliza kama angalau nimepangusa vizuri. Tulizitia nguvu upya moja moja. Gari likangoja hadi saa kumi na moja. Yeye aliimba chini chini. Mimi nilisali, hadi akaniomba nipunguze sauti.

Tangu itangazwe kwamba meza hiyo inabaki kwangu, wenzetu wawili wameulizia uhamisho. Siwalaumu, hata mimi nililala vibaya. Jumatatu iliyopita aliniwekea mota iliyokwisha kufungwa, imepakwa vumbi kwenye ukingo, akanipa bisibisi, akaniambia kwa upole niifungue niisafishe. Nilikalia mikono yangu dakika nzima. Halafu nikaifuta kwa nje na kumrudishia bisibisi yake. Hakuipokea, nikaiweka mezani. Aliweka ufunguo wa droo ya meza kando ya bisibisi, akaenda kunywa chai.

Fundi wetu, asante kwa subira yako, hasa ile niliyoimaliza mimi. Mola akujalie afya na siku ndefu zenye utulivu. Tumesikia mama watoto amenunua saa ya nne. Ivae. Hii itadumu.